Mount Vernon, Monticello au Arlington House: uende wapi ukitaka kuelewa mirathi ya mabwana wa watumwa?

Mgeni akija Washington kutoka Dar, Nairobi au Goma, haipiti siku mbili kabla hajaomba kupelekwa "nyumba za marais". Majumba matatu ya Virginia hutajwa haraka: Mount Vernon ya George Washington, Monticello ya Thomas Jefferson, na Arlington House ya mjukuu wa mke wa Washington, ile nyumba ya nguzo nene iliyo kilimani juu ya makaburi ya kitaifa. Wengi huchagua kwa umbali au kwa uzuri wa picha. Hapa nayalinganisha kwa swali moja tu: mwenye nyumba alipokufa, mali iligawanywaje, na watu waliokuwa wamehesabiwa ndani ya mali hiyo walikwenda wapi?

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Nenda Monticello ukitaka kuona deni linavyokula watu. Nenda Mount Vernon ukitaka kuona wosia mzuri ukigonga ukuta wa sheria. Nenda Arlington kama huna gari wala hela ya kiingilio, au kama umeshaona Mount Vernon na unataka kujua mirathi ile iliishia wapi. Nikibanwa nichague moja, nachagua Monticello. Aliye mbali na Marekani naye anaweza kuchagua, kwa sababu karatasi muhimu za mashamba haya ziko mtandaoni bure.

Sheria kwanza, majumba baadaye

Usipojua sheria chache za Virginia utazunguka vyumbani ukiona viti na vikombe tu. Ya kwanza ni ya mwaka 1662: mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Msomaji wa Pwani atashtuka kidogo, maana Unguja mambo yalikuwa kinyume: mtoto aliyezaliwa na suria na bwana wake alikuwa huru na alirithi pamoja na ndugu zake. Sayyid Majid na Sayyid Barghash wote wawili walizaliwa na masuria, na wote wawili walikalia kiti cha baba yao. Virginia mtoto wa namna hiyo hakurithi, alirithiwa.

Mwaka 1705 Baraza la koloni liliamua kwamba katika mirathi watumwa wahesabiwe kama ardhi. Mjane naye alipewa thuluthi ya mali ya marehemu aitumie maisha yake yote, lakini haikuwa yake. Hakuweza kuiuza wala kuigawa, na akifa ilirudi kwa warithi wa yule mume. Shika hili la thuluthi. Bila hilo Mount Vernon haieleweki.

Halafu kuna kufunga mali ndani ya ukoo. Baba aliandika kwamba shamba liende kwa mwana, kisha kwa mjukuu, bila kuuzwa. Pasipo wosia, mzaliwa wa kwanza wa kiume alibeba ardhi yote. Jefferson ndiye aliyepeleka muswada wa kufungua mafundo hayo mwaka 1776, na haki ya mzaliwa wa kwanza ikafutwa kwa sheria ya 1785. Anasifiwa sana kwa hilo, na ni kweli mabinti na wadogo walianza kupata fungu. Kuna upande ambao husemwa mara chache. Ardhi iliyofunguliwa ni ardhi ambayo mdai anaifikia, na akiifikia ardhi anawafikia pia watu wanaoilima. Tangu hapo kila msiba kwa bwana ulileta mgawo, na mgawo haukuuliza nani ni mke wa nani.

Mwisho, mwaka 1782 mwenye watumwa aliruhusiwa kuwaacha huru kwa hati au kwa wosia bila kuomba kibali cha serikali, ila wadai wake wakalindwa: deni lilitangulia uhuru. Mwaka 1806 wakaongeza kwamba aliyeachwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi 12, la sivyo anaweza kurudishwa utumwani.

Wote wawili walitajirika kwa ndoa

Washington alifiwa na baba mwaka 1743 akiwa na miaka 11, akarithi shamba la Ferry Farm na watumwa 10. Mount Vernon haikuwa fungu lake. Ilikwenda kwa Lawrence, kaka yake wa mama mwingine. Lawrence akafa 1752, bintiye mdogo akafuata, George akawa anapanga kwa mjane, na mjane alipofariki 1761 ndipo shamba likawa lake kamili. Utajiri wenyewe ulikuja Januari 1759 alipomwoa Martha, mjane wa Daniel Parke Custis. Custis alikufa bila wosia, kwa hiyo Martha alipata thuluthi yake ya mjane na watoto wakapata zinazobaki. Washington aliwatumikisha watu wa thuluthi ile kwa miaka 40, lakini kisheria hakuwa na uwezo wa kumuuza wala kumwacha huru hata mmoja wao.

Jefferson naye alimwoa mjane, Martha Wayles Skelton, mwaka 1772. Mwaka uliofuata baba mkwe John Wayles akafa, na mirathi ikaleta ekari 11,000 hivi na watu 135. Ikaleta pia deni la wafanyabiashara wa Uingereza. Miongoni mwa wale 135 alikuwamo Elizabeth Hemings na watoto wake, na baadhi ya watoto hao walikuwa wa Wayles mwenyewe. Maana yake Sally Hemings, aliyekuja Monticello akiwa mtoto mchanga, alikuwa mdogo wa mke wa Jefferson kwa baba.

Tofauti iko hapa. Mali ya Custis ilikuwa imefungwa, Washington aliitumia tu. Mali ya Wayles ilikuwa ya Jefferson kuuza, na aliuza ardhi nyingi akifukuzana na lile deni. Ukilielewa hili, yaliyotokea 1799 na 1826 hayatakushangaza.

Orodha ya Mount Vernon

Kama utasoma karatasi moja tu kabla ya safari, soma orodha ambayo Washington aliiandika kwa mkono wake katikati ya 1799, miezi michache kabla ya kufa. Amepanga watu wa mashamba yake shamba kwa shamba, na kila jina liko upande mmoja kati ya miwili: wake mwenyewe, au wa thuluthi ya mjane. Pembeni ameandika nani ameoana na nani. Jumla walikuwa watu 317: wake 123, wa thuluthi ya Custis 153, na waliobaki karibu wote ni wa kukodi kwa jirani.

Fuata jina la Isaac, fundi seremala. Yuko upande wa Washington. Mkewe Kitty yuko upande wa Custis, na kwa sheria ile ya 1662 mabinti wao wote wako upande wa mama. Mstari wa wino umepita katikati ya nyumba moja. Hercules, mpishi mashuhuri wa Rais kule Philadelphia, hali yake ilikuwa ileile: yeye wa Washington, watoto wake wa Custis. Alitoroka Februari 1797, siku ya kuzaliwa ya bwana wake, akawaacha nyuma.

Wosia wa tarehe 9 Julai 1799 ulisema watu 123 waachwe huru Martha akishafariki, wazee walishwe na kuvikwa, watoto wafundishwe kusoma, na asiuzwe mtu yeyote nje ya Virginia. William Lee, mtumishi wake katika vita vya uhuru wa Marekani, aliachwa huru palepale na posho ya dola 30 kwa mwaka. Kwa wakati wake ulikuwa wosia wa nadra, na mirathi iliendelea kuwalipia wazee hadi miaka ya 1830. Sina sababu ya kuubeza.

Ila fikiria sharti lenyewe: watu zaidi ya mia moja wangepata uhuru siku mama mwenye nyumba atakapokata roho. Abigail Adams, aliyemtembelea Desemba 1800, aliandika kwamba Martha hakujiona salama. Tarehe 1 Januari 1801 akawaacha huru, akiwa hai. Isaac akawa huru. Kitty na mabinti wakabaki. Martha alipofariki Mei 1802, watu wa thuluthi waligawanywa mafungu manne kwa wajukuu wake wanne, na familia za watumwa zilizolelewa pamoja zikatawanyika kwenye nyumba nne tofauti. Yeye mwenyewe alikuwa na mtu mmoja aliyekuwa wake halali, ambaye sheria ilimruhusu kumfanyia apendalo, aitwaye Elish. Katika nyongeza ya wosia wake alimwachia mjukuu.

Ardhi ilikwenda kwa mpwa wa Washington, Bushrod, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alirithi shamba pasipo watu wa kulilima, basi akaleta watumwa wake mwenyewe, na mwaka 1821 akauza 54 kwenda Louisiana. Haya yote yalitokea kwenye nyumba ileile, miaka 20 baada ya uhuru ambao wageni husimuliwa kwa fahari.

Monticello: mdai ndiye mrithi wa kwanza

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826 akiacha deni la zaidi ya dola 107,000. Sehemu yake ilitoka kwa Wayles, sehemu kwa ujenzi na mvinyo, na dola 20,000 zilitoka kwa kudhamini mkopo wa Wilson Cary Nicholas, ambaye alikuwa baba mkwe wa mjukuu wake na akashindwa kulipa. Aliyewahi kumdhamini ndugu kwenye mkopo atajua la kusema hapo.

Wosia wake ni wa Machi mwaka uleule, na ni wa mtu aliyejua nyumba inazama. Mali ya bintiye Martha Randolph iliwekwa mikononi mwa wadhamini ili wadai wa mume wake wasiiguse. Watu watano waliachwa huru: Burwell Colbert, John Hemmings, Joseph Fossett, na vijana Madison na Eston Hemings. Aliliomba pia bunge la Virginia liwaruhusu kukaa, kwa sababu ya ile sheria ya 1806. Wote watano ni wa ukoo wa Elizabeth Hemings, na Madison na Eston walikuwa watoto wa Sally. Baba wa watoto hao alikuwa Jefferson. Uchunguzi wa vinasaba wa 1998 uliunga mkono alichokuwa amekisema Madison mwenyewe miaka mingi kabla, na taasisi inayotunza nyumba ikakubali mwaka 2000. Sally hakutajwa kwenye wosia. Binti wa Jefferson alimwacha aende kimyakimya, akaishi Charlottesville na wanawe hadi 1835.

Waliobaki walitangazwa gazetini, watu 130, pamoja na mifugo na samani. Mnada ulianza tarehe 15 Januari 1827 kwenye uwanja wa nyumba. Joseph Fossett, mhunzi, alikuwa ameahidiwa uhuru mwaka mmoja baada ya kifo cha bwana, kwa hiyo siku ya mnada alikuwa bado mtumwa. Alisimama akitazama mkewe Edith, aliyewahi kupikia Ikulu, na watoto wao wakinunuliwa na watu tofauti. Ikambidi awatafute mmojammoja, kwa ujira wa nyundo yake na msaada wa jamaa waliokuwa huru. Mwaka 1837 aliandikisha hati ya kumwacha huru Edith, baadhi ya watoto na wajukuu. Mume ndiye aliyekuwa mmiliki wa mkewe kwenye daftari la mahakama. Ndiyo njia pekee iliyokuwapo. Peter, aliyeuzwa akiwa na miaka 11, hakupatikana hadi karibu 1850. Alikuja kuwa mchungaji Cincinnati.

Watetezi wa Jefferson husema deni lilimfunga mikono. Kwa mwaka 1826, sawa. Lakini rafiki yake Tadeusz Kościuszko, jenerali wa Kipolandi aliyepigania uhuru wa Marekani, aliandika wosia 1798 kwamba fedha zake za huko zitumike kununua watumwa na kuwaacha huru, wakiwamo wa Jefferson mwenyewe, na Jefferson awe msimamizi. Kościuszko alifariki 1817. Jefferson, mzee wa zaidi ya miaka 70, akakataa kusimamia. Kesi ya warithi ikavutana hadi 1852 na hakuna mtumwa aliyenunuliwa.

Na wapo walioweza. Robert Carter III wa Nomini Hall alisaini hati ya kuwaacha huru watu 452 tarehe 1 Agosti 1791, hatua kwa hatua, akiwa hai na mwenye nguvu zake, ili warithi wasiwe na la kupinga kaburini. Ningependa kukupeleka huko, lakini nyumba iliungua 1850 na hakuna cha maana cha kutazama.

Arlington, mkia wa mirathi ya Custis

George Washington Parke Custis ndiye mjukuu aliyeachiwa Elish. Alijenga Arlington House juu ya ardhi ya baba yake, na fungu lake la watu wa Mount Vernon likahamia huko. Alikuwa na binti kwa mwanamke mtumwa, Arianna Carter. Binti huyo, Maria Syphax, alipewa uhuru na ekari 17 za shamba. Kwa Virginia ile ni jambo la ajabu, ingawa hakupewa karatasi. Hati halali ilitoka kwa Bunge la Marekani mwaka 1866.

Custis alifariki 1857. Wosia wake ulitaka watumwa wake, karibu 200, waachwe huru ndani ya miaka mitano, lakini pia kila mjukuu wa kike apewe dola 10,000, na madeni yalipwe. Msimamizi alikuwa mkwewe, Robert E. Lee, aliyekuja kuwa jenerali wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fedha hazikuwapo, kwa hiyo Lee akawakodisha watu na kuwakamua kazi ili zawadi za wajukuu zipatikane. Wesley Norris, aliyeamini kwamba uhuru ulianza siku ile ya kifo, alitoroka 1859 na dada yake. Wakakamatwa na, kwa ushahidi wake mwenyewe, wakachapwa viboko kwa amri ya Lee. Hati ya uhuru ilisainiwa tarehe 29 Desemba 1862, siku tatu kabla ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa Kusini kuanza kazi, wakati Arlington yenyewe ilikuwa imeshakaliwa na jeshi la Kaskazini.

Shamba lenyewe serikali ililitwaa kwa kodi isiyolipwa ya dola 92 na senti 7, na mwaka 1864 wakaanza kuzika wanajeshi. Mtoto wa Lee alishtaki, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1882, akalipwa dola 150,000. Linganisha na ekari 17 za Maria.

Kinachoonekana leo

Mount Vernon ni kubwa na imetunzwa vizuri mno tangu chama cha akina mama kilipoinunua mwishoni mwa miaka ya 1850. Kuna makazi ya watumwa yaliyojengwa upya, na kumbukumbu ya 1983 iliyosanifiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, karibu na kaburi la Washington. Lakini mtiririko wa wageni unakupeleka kwenye jumba na mto. Ya mirathi utayatafuta mwenyewe. Faida yake ni kwamba jirani tu iko Woodlawn, nyumba ya mmoja wa wale wajukuu wanne, na Gum Springs, mtaa uliotokana na ardhi ya West Ford, aliyezaliwa mtumwa katika ukoo wa Washington.

Monticello imekwenda mbali zaidi. Mulberry Row, njia ya karakana na vibanda, unaitembea kwa miguu. Kibanda cha John na Priscilla Hemmings kimejengwa upya. Chumba cha Sally Hemings kina maonyesho yake tangu 2018. Tangu 1993 wanarekodi simulizi za vizazi vya watu zaidi ya 600 ambao Jefferson aliwamiliki, kwa hiyo kisa cha akina Fossett unakisikia kutoka kwa wajukuu zao. Ndiyo maana nimeipa nafasi ya kwanza.

Arlington House ni ndogo, utaimaliza kwa saa moja. Vyumba vya watumwa nyuma vimefunguliwa upya baada ya ukarabati uliokamilika 2021, na majina ya akina Syphax na Gray, familia zilizotumikishwa hapo, yamewekwa mahali pa kuonekana. Wengi hupanda kilima kwa ajili ya kaburi la Kennedy na kupita nyumba bila kuingia.

Umbali na mfuko

Arlington ni bure, na treni ya mjini inakushusha mlangoni. Mount Vernon ina kiingilio, iko mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Washington, na kwa asiye na gari kuna basi kutoka kituo cha Huntington. Monticello ni safari ya siku nzima: zaidi ya saa mbili barabarani hadi Charlottesville, tiketi si rahisi, na ni kilima, kwa hiyo mzee au mama mwenye mtoto mdogo ajiandae. Nunua tiketi mtandaoni mapema, na angalia kama kuna ziara ya habari za utumwa siku hiyo. Ile ya nyumba peke yake haitoshi.

Ukiwa na watoto wa shule wanaokaa Marekani, anza na Mount Vernon, maana Washington wanamfahamu na orodha ya 1799 wanaweza kuisoma nyumbani na kumtafuta Isaac wenyewe. Ukiwa na siku mbili, unganisha Mount Vernon na Arlington, kwa mpangilio huo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu akiwa Dodoma au Eldoret achukue Monticello: daftari la shamba la Jefferson limepigwa picha lote, na simulizi za vizazi zipo za kusoma. Mtu mzima mwenye Jumamosi moja tu na gari lenye mafuta, aondoke alfajiri kwenda Charlottesville.